Swali Moja au Mawili

Wegesa na mumewe Stanislausi waliongea Kiswahili nyumbani kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Wegesa alikuwa Mkuria wa upande wa Tarime, Stanislausi Mzanaki wa kijiji kimoja cha Butiama. Walikutana Bunda, pale Kabasa, wakati Stanislausi ni fundi mitambo kwenye kinu cha kuchambulia pamba na Wegesa anauza chai na maandazi nje ya geti. Kila mmoja alikuwa na lugha yake ya kusali na ya kulilia, lakini ya kubishana ilikuwa Kiswahili, na walibishana sana.

Hawakugombana. Jirani aliyewasikia kwa mara ya kwanza angedhani nyumba inawaka moto, kumbe wanabishana kama maharage yatiwe chumvi mwanzo au mwisho. Walibishana kuhusu padri mpya, kuhusu mvua, kuhusu jina la mtoto wao wa pekee, Lilian, ambalo Stanislausi alilikataa mpaka siku ya ubatizo. Alipostaafu wakahamia Musoma, wakapanga nyumba Makoko, na ubishi wakahama nao.

Mwishoni mwa mwaka 2014 nakala za Katiba Inayopendekezwa zikaanza kugawiwa, watu wazisome kabla ya kura ya maoni. Stanislausi alikwenda kuchukua yao kwenye ofisi ya mtaa. Jumapili baada ya misa alikuwa anaketi barazani, anavaa miwani, anasoma kwa sauti, na Wegesa anachambua dagaa pembeni.

"Sasa hapa tunamchagua nani?" Wegesa aliuliza siku ya kwanza.

"Hatumchagui mtu. Karatasi ya kura haitakuwa na picha wala chama. Itakuwa na swali: unaikubali Katiba hii au huikubali? Unatia alama kwenye Ndiyo au kwenye Hapana, unarudi nyumbani."

"Na mbunge?"

"Mbunge anayo kura yake moja, kama wewe. Siku hiyo hakusemei. Unasema mwenyewe."

Wegesa aliacha dagaa. Alikuwa amepiga kura tangu ujana wake, na kila mara ilikuwa ya mtu. Mtu alikuja na gari, akaongea, akapewa kura, akaondoka nayo. Hakuwahi kufikiri kwamba sheria yenyewe inaweza kuja mlangoni ikamuuliza kama anaitaka.

"Wengi wakisema ndiyo?"

"Inakuwa sheria ya wote, hata ya aliyesema hapana. Ila ni lazima wavuke nusu huku Bara, na Zanzibar nako wavuke nusu. Upande mmoja ukikataa, imekufa. Tunabaki na ya zamani."

Waliendelea hivyo, ibara kwa ibara, miezi kadhaa. Walipofika mahali paliposema mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, Wegesa akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena.

"Mimi ni Ndiyo," alisema Wegesa.

"Mimi ni Hapana."

"Wewe hutaki mwanamke apate ardhi?"

"Hiyo ibara naikubali, Mama Lilian. Hata kesho. Lakini mimi walipokuja kukusanya maoni nilisimama nikasema nataka serikali tatu, ya Bara, ya Zanzibar na ya Muungano. Watu wengi tulisema. Humu haimo. Na swali ni moja tu kwa kitabu kizima. Siwezi kusema hii naichukua, ile naiacha."

"Basi mimi nakimeza kizima kwa sababu ya ibara moja."

"Na mimi nakitema kizima kwa sababu ya moja."

Wegesa alicheka mpaka dagaa wakamwagika. Halafu akaanza kuwazoa. "Kwa hiyo yangu itaua yako, na yako itaua yangu."

"Ndiyo hivyo."

"Si tubaki tu nyumbani? Matokeo yatakuwa yale yale."

"Wewe baki," alisema Stanislausi. "Mimi nitakwenda."

Walikubaliana kwenda pamoja. Siku ilishatangazwa, tarehe thelathini Aprili. Wegesa alitoa kitenge kizuri sandukuni akakianika kitoke harufu ya dawa ya nondo. Lakini mapema mwezi huo redio ikasema kura imeahirishwa, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine mpya ulikuwa bado haujakamilika. Stanislausi akapunguza sauti ya redio.

"Watatangaza siku nyingine," alisema.

"Lini?"

"Hawajasema."

Oktoba wakaenda kumpigia kura rais, mbunge na diwani. Ya Katiba haikutangazwa tena. Mwaka ukapita, na mwingine. Mara mojamoja, katikati ya ubishi wa kitu kingine kabisa, Stanislausi alikuwa anasema, "Na ile Hapana yangu bado ninayo," na Wegesa anajibu, "Na mimi Ndiyo yangu haijaoza."

Stanislausi alianguka bafuni asubuhi moja. Kiharusi. Alilazwa hospitalini Musoma, upande mmoja wa mwili umekufa na ulimi umekuwa mzito. Wegesa alikaa kando ya kitanda akamwambia mambo ya kumchokoza: kwamba Bunda ni nzuri kuliko Musoma, kwamba sato wa kuchoma hana ladha. Jicho moja lilimtazama, likatabasamu, lakini jibu halikuja. Alifariki kabla wiki haijaisha, wakamrudisha kwao Butiama kumzika.

Baada ya matanga wakubwa wa ukoo walikaa kikao. Nicolaus, mdogo wake marehemu, ndiye aliyepewa kazi ya kumwambia Wegesa. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mpole, asiyejua kuongea mbele ya watu, na alimwambia huku anatazama fimbo yake.

"Shemeji, shamba la kaka lima. Hakuna mtu wa kukufukuza, mimi nikiwepo. Nyumba nayo kaa. Ila usije ukasema ni vyako. Ni vya ukoo."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomshinda Wegesa. Angekuwa mtu mbaya, Wegesa angemjibu.

Alirudi Makoko. Kitu ambacho hakukitegemea ni ukimya wa aina yake. Alikuwa anasikiliza taarifa ya habari, anatoa maoni yake kwa sauti kama alivyozoea, kisha ananyamaza kidogo kumpisha mwenzake akatae. Ile nafasi ya kukataa ilibaki wazi. Ilimchukua muda mrefu kujizuia asiiache.

Jirani yake Jenipher, mwenye genge la mboga, alikuwa mtu mwema na alipita kumjulia hali kila jioni. Shida ya Jenipher ilikuwa kukubali kila kitu. Wegesa akisema mvua zitachelewa, "Kweli mama." Akisema zitawahi, "Kweli kabisa mama." Siku moja akamuuliza kama anakumbuka habari za kura ya maoni.

"Ya chama gani, mama?"

"Si ya chama. Ya Katiba. Ile ya wananchi wote."

"Mimi najuaga ya chama tu, ile ya kupata wagombea," alisema Jenipher. "Ila usemalo ni kweli."

Akampigia Lilian, ambaye ameolewa Mwanza. Lilian akasema, "Mama, mambo ya Katiba waachie wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Mama, simu inaisha chaji."

Lilian alitaka aende kuishi kwake. Wegesa alikwenda, akakaa mwezi, akaona kwamba kila mtu katika nyumba ile anatoka alfajiri na kurudi amechoka, na yeye anabaki na televisheni. Televisheni nayo haibishi. Akaamua kwenda kijijini kwa mumewe, kwenye nyumba ya bati ambayo si yake na shamba ambalo si lake.

Kijijini walimpokea vizuri. Wake za wapwa walimletea kuni na unga wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa. Lakini watu waliongea Kizanaki, na Wegesa, ambaye alikielewa chote, hakuwahi kukiongea bila watoto kucheka. Alijibu kwa Kiswahili. Aliposogea kwenye kundi la wanawake kisimani, wao kwa adabu walihamia Kiswahili, na maongezi yakawa mafupi, kama hatua za watu waliovaa viatu vya kuazima. Alipoondoka alisikia nyuma yake Kizanaki kikirudi, na kicheko.

Mwaka juzi ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Walikutana kwenye ghala la chama cha ushirika, maana pamba ilikuwa imeshasafirishwa na ghala lilikuwa tupu. Mwenyekiti wa kijiji, Gabriel, alisoma pendekezo la halmashauri ya kijiji: eneo la malisho linalozunguka lambo likatwe mashamba ya pamba, kila kaya ipewe kipande, na mwenye kaya aandikwe kwa jina lake.

"Jambo hili halmashauri haiwezi kuliamua," Gabriel alisema. "Sheria inataka mkutano mkuu. Ni ninyi wenyewe mnaosema."

Wegesa aliketi wima. Mwenye kaya. Katika nyumba yake ya bati hapakuwa na mwenye kaya mwingine. Shamba lenye jina lake, ambalo si la mume wala la ukoo, lilikuwa linamjia kwa kuinua mkono tu.

Akawatazama watu. Wengi walikuwa wakulima na nyuso zao zilikuwa zimeshapiga kura. Wenye ng'ombe walikuwa wachache, wameketi nyuma karibu na mlango, Nicolaus akiwa miongoni mwao, fimbo katikati ya magoti. Lambo lile lilikuwa maji yao ya pekee wakati wa kiangazi. Likizungukwa na mashamba, ng'ombe watapitia wapi? Alingoja mmoja wao aulize. Gabriel akauliza kama kuna mwenye swali. Watu wa mlangoni walitazama chini.

Wegesa alisikia nafsini mwake ile nafasi ya kukataa, iko wazi, na hakuna anayeijaza. Akasimama.

"Mwenyekiti, naomba kuelewa. Hilo ni swali moja au mawili?"

"Kivipi, mama?"

"Kukata mashamba ni swali. Ng'ombe kufika majini ni swali lingine. Mtu anaweza kutaka mashamba na bado akataka njia ya ng'ombe. Ukitufungia yote kwenye swali moja, anayetaka shamba analazimika kuziba njia, na anayetaka njia analazimika kukataa shamba. Naomba yatengwe. Tupige kura mara mbili."

Mwanamume mmoja akasema kitu kwa Kizanaki, kwamba mama wa mjini ametuletea bunge. Watu wakacheka. Wegesa alielewa, akaendelea kusimama.

"Muhtasari una ajenda moja," alisema Gabriel bila ukali. "Tukianza kuikata vipandevipande hatutatoka humu. Mambo ya njia tutayaangalia mbele ya safari. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikainuka kama mtama. Wegesa aligeuka kutazama mlangoni, akaona mkono wa Nicolaus umo, umeinuka nusu, kiwiko kimebanwa kwenye mbavu.

"Wanaokataa?"

Alijua anachokiacha. Akanyoosha mkono hata hivyo. Pamoja naye walinyoosha wazee wawili wafugaji na kijana mmoja aliyekuwa amelewa kidogo. Karani aliandika, mkutano ukafungwa kwa sala.

Alimkuta Nicolaus njiani. Walitembea pamoja mpaka watu wengine walipotangulia.

"Shemeji," alisema Wegesa, "ng'ombe zako watakunywa wapi?"

"Sijui bado."

"Na mkono umenyoosha."

"Watu wote walikuwa wananiangalia. Majembe naazima kwa hao, wamenizikia kaka. Ningekataa, kesho nitapita wapi? Wewe unaweza, wewe si wa hapa." Akaona alichosema, akajirekebisha. "Simaanishi vibaya."

"Najua."

"Ingekuwa ya siri ningekataa. Ile ya mkono inaonekanaga."

Mashamba yakagawiwa kwa kuokota vikaratasi, na kipande cha Wegesa kikaangukia ukingoni kabisa mwa lambo. Waliosema ndiyo na waliosema hapana walipewa sawa. Kwenye daftari la kijiji liliandikwa jina lake, la kwake mwenyewe na la baba yake, bila la marehemu. Aliporudi nyumbani alizunguka uani hajui la kufanya. Akampigia Lilian. Lilian akasema, "Hongera mama. Sasa utaliuza?"

Akalima. Ila aliacha ukanda mmoja upande wa mashariki, upana wa ng'ombe watatu, hakuugusa. Kiangazi kilipofika akaenda kwa Nicolaus akamwambia apitishe mifugo pale. Nicolaus alishukuru kwa kuinamisha kichwa. Ng'ombe wakapita, kisha na wa wale wazee wawili, kisha na wa watu ambao mikono yao alikuwa ameiona imeinuka.

Wenye mashamba jirani hawakufurahi. Ng'ombe ana shingo, na miche ya pamba ilikuwa karibu. Walipunguza kumsalimia. Mwanamke aliyekuwa akimletea kuni akaacha. Gabriel akaja mwenyewe.

"Mama, ile sheria tuliipitisha pamoja."

"Ilisema nipewe shamba, Mwenyekiti. Haikusema nilime lote."

Gabriel alitazama ule ukanda, kwato zimeshauchonga. "Watu wanalalamika. Itabidi nilirudishe mkutanoni. Wakisema pazibwe, pazibwe."

"Rudisha," alisema Wegesa. "Ila nina ombi. Kura iwe ya siri."

"Ya siri ni ya uchaguzi."

"Wapi pameandikwa?"

Gabriel alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoweza, na pia alikuwa amechoka na malalamiko ya pande zote mbili. Akasema ataona.

Mkutano wa pili ghala lilijaa kuliko wa kwanza. Swali lilikuwa moja na fupi: njia ya ng'ombe kufika lamboni iwepo au isiwepo? Kila mtu alipewa punje ya hindi na punje ya haragwe. Ndani ya chumba cha mizani waliweka debe lenye tundu, na pembeni gunia. Unaingia peke yako. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Unayoitaka unaitia kwenye debe, nyingine unaitupa guniani, unatoka mikono mitupu. Wegesa alipoingia alikuta chumba kinanuka mafuta ya mbegu za pamba, kama nguo za Stanislausi zilivyokuwa zinanuka zamani. Alisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu akakohoa nje. Akatia hindi lake akatoka.

Debe lilimwagwa juu ya turubai mbele ya wote. Hata kabla ya kuhesabu ilionekana. Mahindi yalikuwa mengi, maharage yamekaa katikati yake kama madoa. Hakuna aliyeshangilia. Watu walitazamana, kila mmoja akishangaa kwa sauti waliotia mahindi wamekuwaje wengi hivyo. Gabriel akatangaza kwamba njia itakuwepo, ipimwe, iwekwe mawe, na majirani wa Wegesa wachangie upande wao ili isimle yeye peke yake.

Wegesa aliondoka na wenzake barabarani akitegemea, hakujua nini hasa. Labda mtu mmoja aje pembeni aseme, mama, hata mimi. Hakuna aliyekuja. Waliotangulia waliongea Kizanaki kuhusu bei ya dawa ya pamba.

Jumapili kanisani alizitazama nyuso wakati wa kutakiana amani. Walimpa mikono kama walivyompa siku zote. Nusu ya mikono hiyo na zaidi ilikuwa imetia hindi, na hakuujua hata mmoja. Yule mwanamke wa kuni alimpita akiwa ametazama altare. Kisimani kulikuwa na salamu, kisha Kiswahili kifupi cha adabu.

Mawe yaliwekwa. Kiangazi hiki ng'ombe wa kijiji kizima wanapita pale, na Wegesa huwa shambani mapema, anapalilia, anasikia kengele zao kabla hajawaona. Wachungaji humwamkia bila kusimama. Siku moja alikuja Nicolaus mwenyewe. Wegesa aliegemea jembe.

"Shemeji, nikuulize kitu. Siku ile ulitia nini?"

Nicolaus alimtazama ndama aliyekuwa anataka kuingia kwenye pamba, akamrudisha kwa ncha ya fimbo.

"Si walisema ni siri," alijibu, akawafuata ng'ombe wake majini.